Paneli ya sola kugeuka kahawia katikati ya kila seli: tatizo ni jua au ni joto?

mwangaza_t

Wakuu habari zenu. Naomba kueleweshwa kitu kinanisumbua. Nina paneli mbili za sola, aina moja, zilinunuliwa pamoja zikafungwa siku moja, ni za zamani kidogo, zile zenye kioo mbele na karatasi nyeupe nyuma. Moja fundi aliilaza juu ya bati moja kwa moja, yani hata kidole hakipiti chini yake, nyingine ikakosa nafasi ikawekwa kwenye stendi ya chuma, upepo unapita kote. Sasa juzi nimepanda kuzisafisha nakuta ile ya kwenye bati imegeuka rangi, imekuwa kahawia, ile ya stendi nayo imeanza lakini kwa mbali sana mpaka uangalie vizuri.

Kinachonishangaza ni kwamba haijawa kahawia yote. Kila seli ina doa katikati, halafu kuzunguka pembeni kuna ukanda safi kabisa, upana kama wa kidole hivi. Seli moja ina mstari safi unaokatiza katikati ya doa kama mtu kapiga rula. Na seli zilizokaa juu ya lile boksi la nyaya nyuma ndo zimekolea kuliko zote. Nimesugua na kitambaa na sabuni haitoki, iko ndani ya kioo.

Maswali yangu: hiki kinachogeuka rangi ni nini, seli yenyewe au kitu kingine? Ni jua lenyewe au ni joto la bati? Na je paneli bado ni nzima au nianze kujipanga kununua nyingine?

fundi_wa_paa

Mkuu kwanza acha kusugua, utakwaruza kioo bure. Hiyo sio seli na wala sio uchafu. Seli ya silikoni haigeuki kahawia hivyo. Kati ya kioo na seli kuna plastiki laini inayong'aa, na nyuma ya seli ipo nyingine kama hiyo kabla ya karatasi nyeupe, hiyo ndo inashika kila kitu pamoja na kuzuia maji. Paneli nyingi ni EVA. Hiyo ndo imechoka.

Pima kabla hujaamua chochote. Subiri jua kali la mchana lisilo na mawingu, kata paneli kutoka kwenye chaji kontrola (kata kwanza, usichomoe waya wakati umeme unatembea, mkondo wa DC unapiga cheche mbaya), halafu pima volti ikiwa wazi, kisha ampia ukiwa umeunganisha chanya na hasi kupitia mita yenye uwezo wa ampia hizo. Pima zote mbili dakika hiyohiyo, manake jua likibadilika kidogo tu namba hazilinganishiki. Hii ni kwa paneli moja moja ndogo, kama zingekuwa nyingi zimeungwa siriesi nisingekushauri ufanye mwenyewe.

Halafu chungulia nyuma. Karatasi ikiwa imepasuka au inatoa unga ukiigusa hiyo ni habari nyingine, hapo maji yanaingia na insulesheni inaondoka, paneli inaweza kukupiga shoti hata kama bado inatoa umeme. Hiyo shusha bila kujadili.

mkemia_wa_polima

Swali zuri sana hili, na umeangalia kwa makini kuliko watu wengi, manake huo ukanda safi na huo mstari ndo vinaeleza karibu kila kitu. Ngoja nianze mwanzo.

EVA ni polima, mnyororo mrefu wa ethilini ambao kila baada ya hatua kadhaa umening'iniza kikundi cha asetati. Kwenye paneli kawaida sehemu ya vinili asetati ni kama asilimia 28 mpaka 33 ya uzito. Kiwandani inakuja kama karatasi laini, wanapanga kioo, EVA, seli, EVA, karatasi ya nyuma, wanaingiza kwenye mashine inayovuta hewa yote na kupasha mpaka kwenye nyuzi 140 mpaka 150 hivi, ndani yake kuna peroksaidi ambayo kwa joto hilo inavunjika na kuunganisha minyororo ili isije ikayeyuka tena juani. Wanaongezea pia dawa za kulinda: kuna ya kunyonya mionzi ya UV, kuna ya kukamata radikali huru (vipande vya molekuli vilivyokatika vinavyoshambulia vingine), kuna ya kuzuia oksijeni isiharibu, na saileni ya kufanya plastiki ishike kioo. Kwahiyo kile kitu unachokiona kama plastiki tu ni mchanganyiko, na maisha yake yanategemea sana huo mchanganyiko.

Sasa jua. Mwanga wa UV wa nanomita 350 una nguvu ya takriban kilojuli 340 kwa moli, ambayo inakaribiana kabisa na nguvu ya bondi ya kaboni na kaboni. Yani chembe moja ya mwanga ikidakwa mahali pabaya inatosha kukata. EVA iliyo safi kabisa haidaki sana mwanga huo, lakini hakuna EVA safi kabisa, kuna mabaki ya peroksaidi ambayo hayakuisha mashineni, kuna vikundi vya kaboni na oksijeni vilivyozaliwa wakati wa kupashwa, hivyo ndo vinadaka. Hapo zinatokea radikali, na kile kikundi cha asetati kinang'oka na kuondoka kama asidi ya asetiki, asidi ileile iliyomo kwenye siki. Kinapong'oka kinaacha bondi maradufu kwenye mnyororo. Moja peke yake haina rangi. Zikifuatana nyingi kwa mpangilio wa moja ndiyo moja hapana, mnyororo unaanza kunyonya mwanga wa zambarau na bluu, na kinachobaki kufika machoni kwako ni njano, halafu kahawia jinsi mfululizo unavyorefuka. Dawa zenyewe nazo zinachangia: kwenye EVA za zamani mabaki ya peroksaidi yalikuwa yanashambulia ile dawa ya kunyonya UV na wenzake, na matokeo yake yana rangi.

Sasa huo ukanda safi. Oksijeni. Kioo hakipitishi hewa kabisa, seli nayo haipitishi, lakini karatasi ya nyuma inapitisha kidogokidogo. Kwahiyo oksijeni inapenya kutoka nyuma, inapanda kwenye nafasi kati ya seli na seli, halafu inaanza kutambaa chini ya kioo kutoka kwenye kingo za seli kuelekea katikati. Inapofika inavunja huo mfululizo wa bondi maradufu na rangi inapotea. Katikati ya seli ni mbali, haifiki, au inafika imeshaisha njiani, kwahiyo kahawia inabaki. Na ule mstari ulionyooka, mkuu, karibu nina uhakika hiyo seli ina ufa. Hewa inapanda kwenye ufa kama inavyopanda pembeni, inafuta rangi pande zote mbili za ufa. Umeuona ufa ambao kwa macho ya kawaida usingeuona.

Ukitaka kuhakikisha, usiku chukua tochi ya UV, zile za nanomita 365 au 395, mulika paneli. Hizo bondi maradufu na mabaki mengine yanang'aa njano ya kijanikijani, na utaona katikati ya kila seli inawaka, kingo giza, na ufa unajitokeza kama uzi mweusi. Wataalamu wanakagua mashamba makubwa ya sola kwa njia hii hii kabla hata rangi haijaonekana mchana. Usiangalie tochi yenyewe kwa macho.

sola_kwa_vitendo

Maelezo mazuri ila mimi sikubaliani na kuweka uzito wote kwenye UV. Paneli mbili zake zimepata jua lilelile, UV ileile, miaka ileile. Tofauti ni bati tu. Seli za juu ya boksi ndo zimekolea zaidi, na kila mtu anajua pale joto halitoki. Mimi nimekagua paneli nyingi na ni hivyohivyo kila mara, ukiona iliyokolea ujue hapo ndo palikuwa moto kuzidi kwingine. Hili ni joto wakuu.

mkemia_wa_polima

Hoja yako ni ya msingi na sipingi ulichokiona. Lakini tutenganishe kinachoanzisha na kinachoharakisha. Ukichukua EVA ukaiweka gizani kwenye mashine ya kupima uzito huku unapandisha joto, asetati inaanza kung'oka kwa kasi ukiwa umeshavuka nyuzi 300. Bati likichoma vipi paneli haikaribii huko, ukienda sana ni 70 au 80. Joto hilo peke yake gizani lingechukua muda mrefu mno kutoa kahawia ya namna hii. Ila mwanga ukishawasha moto, kila hatua inayofuata ni mmenyuko wa kawaida wa kemia, na kanuni ya kukadiria inayotumika sana ni kwamba ukiongeza nyuzi 10 kasi inakaribia kuwa mara mbili. Paneli mbili zikitofautiana nyuzi 15 kwenye jua la mchana kila siku, moja imezeeka karibu mara tatu ya mwenzake kwa UV ileile. Pia joto linazihamisha zile dawa za kulinda, zinatembea ndani ya plastiki na kuisha haraka. Na ile asidi ikishazaliwa na ikakosa pa kutokea inachochea asetati nyingine zing'oke, kwahiyo kazi inajiongeza yenyewe.

Mfano unaojulikana ni kituo cha Carrizo Plain kule California, kilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, zaidi ya megawati 5, kwa wakati ule ndicho kilikuwa kikubwa kuliko vyote duniani. Paneli nyingi pale ziliwekewa vioo vya kuakisi pembeni ili zipate jua zaidi. Zikapata UV zaidi na joto zaidi kwa pamoja, EVA ikawa kahawia ndani ya miaka michache, wakati zile zisizo na vioo hazikufikia hapo. Tangu hapo ndo watu wakaanza kulichukulia hili swala kwa uzito, wakabadilisha peroksaidi, wakabadilisha dawa, na kwa muda wakaweka seriamu kwenye kioo ili kikate UV mapema. Jua linakata, joto linaongeza mwendo. Ukiondoa kimojawapo tatizo linapungua sana, na wewe mwenye paa kitu pekee unachoweza kukiondoa ni joto. Kwahiyo kwa vitendo tunarudi kwako.

mwangaza_t

Asanteni sana wakuu, nimefuata maelekezo. Kwanza tochi ya UV: ni kweli kabisa!! katikati zinawaka na ule mstari ni ufa, na nimeona nyufa nyingine mbili kwenye seli ambazo mchana sikuona kitu.

Vipimo, vyote mchana anga safi zimepishana dakika chache. Ya stendi: volti wazi 20.1, ampia 4.9. Ya bati: volti 19.0, ampia 4.5. Nikafunga moja moja kwenye chaji kontrola yangu ya MPPT (ile inayotafuta yenyewe volti ambayo paneli inatoa wati nyingi zaidi) betri ikiwa chini, ya stendi ikasoma wati 68, ya bati wati 54. Joto la kioo kwa ile temometa ya kumulika, stendi nyuzi 56, bati 71. Karatasi ya nyuma ya hii ya bati nimeichungulia pembeni tu, haijapasuka, sehemu ya boksi sijaiona vizuri.

Sasa hapa nimechanganyikiwa, ampia zimepungua kidogo tu lakini wati zimepungua nyingi. Hiyo nyingine imeenda wapi?

fundi_wa_paa

Umefanya vizuri sana, na una bahati una MPPT. Ungekuwa na PWM, zile kontrola za kawaida, ungeona tofauti ya ampia tu, manake PWM inaivuta paneli chini mpaka kwenye volti ya betri na hapo paneli yenye ukinzani mkubwa ndani bado inatoa ampia zake karibu zote, unadanganyika kwamba ni nzima.

Gawanya hivi. Ampia 4.5 kwa 4.9 ni pungufu asilimia 8, hiyo ndo kahawia inayokula mwanga kabla haujafika kwenye seli, tuseme na hizo nyufa kidogo. Volti kushuka kutoka 20.1 mpaka 19.0 hiyo wala sio uharibifu, ni joto, seli 36 kila moja inapoteza kama milivolti 2 kwa kila nyuzi, zidisha kwa nyuzi 15 inakuja volti 1 na kitu. Kwa wati, silikoni za zamani zinapoteza kama asilimia 0.4 na ushee kwa kila nyuzi, kwahiyo nyuzi 15 ni asilimia 6 hadi 7. Ukiipoza hiyo inarudi yote. Ukishatoa hizo mbili inabaki kama asilimia 7 ambayo haielezwi na rangi wala joto la leo. Hiyo ni ukinzani ndani ya paneli, na mimi hiyo ndo inanitia wasiwasi, sio rangi.

mkemia_wa_polima

Naunga mkono, na hapa ndo nilitaka tufike. Watu wanaogopa kahawia kwa sababu inaonekana, lakini kahawia inakula bluu na zambarau tu, nyekundu na infraredi zinapita vilevile, na silikoni inapata sehemu kubwa ya umeme wake huko. Ndo maana paneli inayotisha kwa macho unaikuta imepoteza asilimia chache tu za mkondo. Hatari ni ile asidi iliyozaliwa pamoja na rangi. Vile vimistari vyembamba vya fedha juu ya seli vimeshikwa kwenye silikoni kwa kioo laini chenye risasi ndani yake, asidi ya asetiki pamoja na unyevu inaishambulia hiyo risasi, vimistari vinaachia, mkondo unakosa njia. Ribon (zile tepe za chuma zinazounganisha seli na seli) na lehemu nazo zinaliwa. Unyevu ni sharti, kwahiyo karatasi ya nyuma nzima ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Tena kwa paneli ya bati kuna kitu cha pili, inapanda mpaka 71 mchana na kushuka usiku, kila siku, ribon inavutwa na kuachiwa, lehemu inachoka yenyewe hata bila asidi. Ukipata kamera ya joto imulike ikiwa inafanya kazi, sehemu ya kwenye ribon ikiwaka peke yake ni kiungo cha lehemu, seli nzima ikiwa ya moto kuliko jirani zake ni jambo jingine, inaweza kuwa ufa.

Dalili nyingine za kuangalia ni weupe kama maziwa au mapovu, hapo plastiki imeachia kioo au seli, mwanga unaakisiwa badala ya kuingia na maji yanapata pa kukaa. Hii yako bado haijafika huko.

mwangaza_t

Nimeelewa sasa. Kwahiyo naiinua. Swali la mwisho, nikija kununua nyingine nitajuaje haitakuwa hivi? Wauzaji wote wanasema imepita vipimo vya kimataifa.

sola_kwa_vitendo

Kupita ni kweli inapita, ila ujue kipimo kinapima nini. Hicho cha kimataifa kinaitwa IEC 61215, ina saa 1000 kwenye nyuzi 85 na unyevu asilimia 85, ina mizunguko 200 ya baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri mpaka joto la 85, na ina kipimo cha UV cha kilowati-saa 15 kwa mita ya mraba. Sasa hiyo 15 piga hesabu. Sehemu yenye jua kali inapata kama kilowati-saa 2000 za jua kwa mwaka kwa mita ya mraba, UV ni kama asilimia 5 yake, yani 100. Kwahiyo kipimo cha UV ni kama miezi miwili ya paa lako, na kinafanywa peke yake, hakifanywi pamoja na unyevu. Kinakamata paneli mbovu kabisa, hakikuambii chochote kuhusu mwaka wa 20. Mimi kwa hilo naona wanunuzi wanapewa imani ambayo hicho kipimo hakijawahi kuiahidi. Uliza kama wamefanya vipimo virefu zaidi ya hapo, kampuni makini wanayo karatasi yake na hawaoni shida kuitoa.

mkemia_wa_polima

Na uliza ndani kuna plastiki gani, kwenye data shiti huwa inaandikwa. Siku hizi kuna POE, ni polima isiyo na asetati kabisa, kwahiyo hakuna asidi ya asetiki ya kuzaliwa hata ikichakaa. Pia inapitisha umeme na unyevu kidogo sana kuliko EVA, hivyo inasaidia dhidi ya lile tatizo la sodiamu kuhama kutoka kwenye kioo kwenda kwenye seli kwenye mifumo ya volti kubwa. Ni ghali na inasumbua zaidi kushika mashineni ndo maana wengine wanaweka tabaka tatu, EVA nje, POE katikati. Kama ni paneli ya kioo pande zote mbili hapo mimi ningesisitiza POE, manake kioo cha nyuma kinazuia unyevu kuingia lakini kinazuia na asidi kutoka, ukiweka EVA tupu asidi yote inabaki ndani na seli zako.

Kitu kimoja wauzaji hawakigusi: EVA nyingi za mbele siku hizi zinatengenezwa zipitishe UV makusudi ili kuongeza umeme kidogo. Plastiki yenyewe inakuwa haina ile dawa ya kunyonya UV inayogeuka rangi, sawa, lakini UV sasa inafika kwenye seli, na baadhi ya seli za aina mpya, TOPCon na HJT, uso wake unaharibika kwa UV. Hapo hutaona kahawia yoyote, paneli inapungua nguvu ikiwa inang'aa kama mpya. Kwahiyo kwa hizo uliza waziwazi kama zimepimwa kwa UV ya muda mrefu.

fundi_wa_paa

Kuhusu kuinua: acha sentimita 10 au zaidi kati ya bati na paneli, na hewa iwe na pa kuingilia chini na pa kutokea juu, ukiziba juu hewa inasimama na joto linabaki palepale. Ukiishusha tumia nafasi hiyo kukagua karatasi ya nyuma yote hasa kuzunguka boksi, fungua boksi uangalie kama kuna kutu ya kijani kwenye viungo na kama dayodi hazijaungua. Usiikanyage wala kuishika kwa katikati, hizo nyufa zitaongezeka. Nyaya zifunge zisilale kwenye bati.

Ukimaliza rudia vipimo vilevile saa ileile. Joto la kioo likikaribia la ile ya stendi utarudishiwa kama wati 4. Zilizobaki hazirudi, ila utakuwa na namba ya kuanzia, pima tena mwakani. Wati zikiwa zinashuka haraka kuliko ampia ujue ukinzani unaendelea kukua, hapo ndo ujipange kununua.